Debian 12 kwenda 13 kwenye kompyuta za steshenari: bando dogo, umeme wa kukatika. Tuanzie wapi?

BintiNgamiani

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaoijua Debian (mfumo endeshi wa Linux) kwa undani.

Steshenari iko Ngamiani, Tanga mjini. Kuna kompyuta tano zenye Debian 12 na XFCE (mazingira ya madirisha): nne za mezani na laptopu moja ya zamani. Kazi ni zile zile za kila siku: kuchapa barua na CV kwa LibreOffice, kuprinti, kuskani, kujazia watu fomu za mtandaoni. Intaneti inatoka kwenye simu kwa waya wa USB, kwa hiyo kila MB inauma. UPS ni moja tu, inabeba mashine moja kwa dakika chache.

Nataka kuhamia Debian 13 bila kusimamisha kazi. Maswali yangu:

Kupakua kitu kilekile mara tano kutamaliza bando lote. Kuna njia ya kupakua mara moja zikagawana?

Umeme ukikatika katikati ya zoezi, mashine inakufa kabisa au inaokolewa?

`apt upgrade` na `apt full-upgrade` (amri za apt, kisimamizi cha programu) zina tofauti gani, na ipi inatumika lini?

Halafu kuna mashine moja kila asubuhi inagoma `apt update`. Inasema Release file ya bookworm-updates (bookworm ni jina la Debian 12) `is not valid yet`, na mbele yake inataja idadi ya saa. Mchana inapona yenyewe.

Kuna vijana wawili wa field nitawaachia kazi hii baadaye, kwa hiyo nikipewa amri naomba na sababu yake.

---

MzeeWaPongwe

Binti, kitu cha kwanza ni kutenganisha kupakua na kusakinisha. Kupakua kunakula bando, lakini umeme ukikatika hupotezi chochote. Kusakinisha hakuhitaji bando hata kidogo, ila umeme ukikatika ndipo penye maumivu. Wengi wanaoharibikiwa huwa wameyaacha mambo haya mawili yaende kwa amri moja, bando likaisha au umeme ukakatika huku hawajui wamefika wapi.

Kuhusu swali la tatu. `apt upgrade` inapandisha pakeji (vifurushi vya programu) zilizopo na inaweza kuongeza mpya, lakini haiondoi hata moja. `full-upgrade` ina ruhusa ya kuondoa pakeji iwapo mpya haiwezi kukaa nayo. Kwa kazi ya kila wiki ndani ya toleo lilelile, `upgrade` inatosha. Kuhama kutoka toleo hadi toleo ni lazima ufike kwenye `full-upgrade`, kwa sababu maktaba nyingi hubadilishwa majina na za zamani lazima zitoke.

Kabla ya kugusa lolote, kwenye kila mashine:

`dpkg --print-architecture`

Ikijibu `amd64` (biti 64), endelea. Ikijibu `i386`, simama hapo. Debian 13 haina tena keneli (kiini cha mfumo) wala kisakinishi cha mashine za biti 32. Nashuku laptopu yako, kwa hiyo ianze hiyo.

Kisha angalia afya ya diski. Sakinisha `smartmontools`, halafu:

`sudo smartctl -A /dev/sda`

Tazama mistari ya `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector`, namba ya mwisho kulia. Huo wa pili ukiwa zaidi ya sifuri, usihame. Hamisha kwanza kazi za wateja na ubadilishe diski. Kuhama toleo kunaandika upya maelfu ya faili kwa mkupuo, na diski iliyokuwa inajikongoja hufia hapo hapo, halafu lawama inaangukia mfumo.

Nafasi: `df -h`. Kwenye `/` ningetaka GB 6 zilizo wazi, maana faili za deb (pakeji zilizopakuliwa) na programu zenyewe zinakaa pamoja kwa muda. Kama `/boot` ni sehemu inayojitegemea, iwe na MB 300 huru. Ikikosa, keneli mpya itakwama katikati ya kuandikwa. Ukiona imejaa, `sudo apt autoremove` ukiwa bado kwenye 12 itaondoa keneli za zamani.

Nakala ya akiba: `/home` yote, `/etc` yote, na orodha ya pakeji. Nakili kwenye diski ya nje, na fungua faili mbili tatu kutoka huko uhakikishe zinasomeka.

Sasa imalize 12 yenyewe:

`sudo apt update`
`sudo apt full-upgrade`
`dpkg --audit`
`apt-mark showhold`

Hizo mbili za mwisho zinatakiwa zinyamaze. Zikitoa jina lolote, kuna pakeji iliyosakinishwa nusu au iliyozuiliwa, na hiyo ishughulikiwe kwanza. Ukihama na kasoro ndogo, ukifika 13 itakuwa kubwa.

Baada ya hapo vyanzo. Fungua `/etc/apt/sources.list`, kila penye `bookworm` paandikwe `trixie` (jina la Debian 13):

`sudo cp /etc/apt/sources.list /root/sources.list.12`
`sudo sed -i 's/bookworm/trixie/g' /etc/apt/sources.list`

Ukimaliza, isome faili kwa macho. Mistari iwe mitatu: trixie, trixie-updates na trixie-security, na kila mmoja uwe na `main` pamoja na `non-free-firmware`. Hilo neno la mwisho usilisahau. Tangu Debian 12, femweya (programu za ndani ya vifaa) za kadi za Wi-Fi na za picha zilihamishiwa sehemu hiyo ya peke yake. Mtu aliyekuja na faili ya enzi za 11 hulikosa, akashangaa femweya yake haipati masahihisho. Mstari wa backports (programu mpya zilizoandaliwa kwa toleo la zamani) ufute. Halafu pita kwenye folda ya `/etc/apt/sources.list.d/`: vyanzo vyote visivyo vya Debian, vya vivinjari na vya draiva za printa, viweke alama ya `#` mbele mpaka kazi iishe.

Sasa pakua bila kusakinisha:

`sudo apt update`
`sudo apt full-upgrade --download-only`

Kabla hujajibu Y, itakutajia ukubwa wa mzigo. XFCE na LibreOffice na Firefox, tarajia kati ya GB 1 na 2 kwa mashine. Bando likikatika, rudia amri ileile. Iliyokuwa katikati iko ndani ya `/var/cache/apt/archives/partial` na itaendelea ilipoishia.

Kila kitu kikishashuka, chomoa simu. Funga madirisha yote, bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina lako kwenye skrini nyeusi. Usifanye ndani ya XFCE, kwa sababu skrini ikijifunga katikati ya kubadilishwa kwa maktaba inaweza kukataa nywila yako, na huku kazi inaendelea nyuma bila wewe kuiona. Hapo:

`script -a ~/kuhama.log`
`sudo apt upgrade --without-new-pkgs`
`sudo apt full-upgrade`

`script` inaweka kila neno lililopita kwenye faili, utalihitaji ukija hapa kuuliza. Hatua ya `--without-new-pkgs` inapandisha zile rahisi kwanza, na ikiisha ni kituo salama cha kupumzika.

Katikati utaulizwa kama faili fulani ya mipangilio ibadilishwe. Kama ni faili uliyoihariri kwa mkono wako, mfano ya CUPS (huduma ya printa) au Samba (ya kugawana mafaili), jibu N. Kama hujawahi kuigusa, jibu Y. Zikitokea kurasa za habari za mabadiliko, bonyeza q. Ikiuliza ruhusa ya kuwasha upya huduma, kubali.

Na chagua siku. Msimu wa matokeo na maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB si wakati wa kugusa mashine za steshenari.

---

Fundi_Chumbageni

Mzee amemaliza upande wa mpangilio. Mimi nijibu la bando, maana jibu lipo na ni rahisi: `apt-cacher-ng`.

Ni huduma inayokaa kwenye mashine moja. Mashine nyingine zinapoomba pakeji, zinamwomba yeye. Anapakua mara moja, anaweka kwenye diski yake, na wa pili akiomba anapewa ile ile bila kugusa simu.

Vifaa: swichi ya mtandao ya matundu matano na waya za Cat5e. Ruta ya zamani isiyo na intaneti pia inafaa ukitumia matundu yake ya LAN. Simu inachomekwa kwenye mashine moja tu, tuiite A.

Kwenye A:

`sudo apt install apt-cacher-ng`

Halafu upe tundu lake la waya anwani ya kudumu. Jina la tundu utaliona kwa `ip a`, mfano `enp3s0`:

`nmcli connection add type ethernet ifname enp3s0 con-name ndani ipv4.method manual ipv4.addresses 192.168.50.1/24 ipv4.never-default yes`

Hilo `never-default yes` ni muhimu sana. Bila hilo A inaweza kudhani njia ya kwenda intaneti ni kwenye swichi, ikaiacha simu, na ukabaki unasema simu mbovu.

Mashine nyingine zipe 192.168.50.2, .3, .4 na .5 kwa mtindo uleule. Kisha kila moja iundie faili `/etc/apt/apt.conf.d/00proxy` yenye mstari huu mmoja:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.50.1:3142";`

Nukta-mkato ya mwisho isikosekane, apt itagoma kusoma faili nzima. Na A nayo iwe na faili hiyo hiyo, ila anwani iwe `127.0.0.1:3142`. Wengi wanasahau hapa. A inapakua moja kwa moja kutoka nje, vitu havipiti kwenye hifadhi, na mashine ya pili inaanza kupakua upya kila kitu.

Vyanzo kwenye `sources.list` viandikwe `http://`, visiwe `https://`, maana cha https hakihifadhiwi. Usiogope usalama: apt inahakiki sahihi ya Debian kwenye orodha, na orodha ina alama ya utambulisho ya kila pakeji. Deb iliyochezewa njiani itakataliwa.

Hifadhi inakaa `/var/cache/apt-cacher-ng`. Acha GB 4 huru kwenye A juu ya zile alizotaja Mzee. A iwe ya mwisho kuhama, kwa kuwa wenzake wanaitegemea.

Kwa kuwa mashine zako zinafanana, wa kwanza atalipia karibu mzigo mzima na waliobaki watapakua tofauti ndogo tu.

Kama swichi hakuna, kuna njia ya flashi. Baada ya `--download-only` kwenye mashine ya kwanza, nakili `/var/cache/apt/archives/*.deb` na folda nzima ya `/var/lib/apt/lists`, uviweke mahali palepale kwenye ya pili. Fanya hivyo kabla ya kusakinisha. `apt` ikimaliza kusakinisha inafuta deb ilizotumia, tofauti na `apt-get` inayoziacha. Mtu anasakinisha kwanza, anakuja kunakili, anakuta folda tupu.

Kidogo kingine cha kubana bando: orodha za maelezo marefu ya pakeji hushuka pia wakati wa `apt update`. Kama huzisomi, weka `Acquire::Languages "none";` kwenye faili `/etc/apt/apt.conf.d/99lugha`.

Ukihamisha mashine kwenda mahali pengine, futa `00proxy`. Vinginevyo apt itakaa inaitafuta 192.168.50.1 isiyokuwepo.

---

Nanga_ya_Raskazone

La saa na la umeme nayachukua mimi.

Mashine inayogoma asubuhi ina betri ya bodi iliyokufa. Ni ile ya duara, CR2032, volti 3. Ipime kwa mita: ikiwa chini ya 2.8 ibadilishe, kwa fundi saa yeyote hapo Ngamiani utaipata. Kagua pia vishikio vyake. Upande huu wa bahari chuma kinashika kutu ya chumvi, na betri mpya kwenye kishikio chenye ukoga mweupe haisaidii kitu. Futa kwa spiriti na brashi ndogo, acha ikauke.

Kwa nini inataja masaa na si miaka? Mkizima soketi jioni, saa ya bodi inapotea kabisa. Ila `systemd-timesyncd` huweka alama ya muda wa mwisho iliouona kwenye diski, na asubuhi mfumo unaanzia hapo. Kwa hiyo kompyuta inaamini bado ni jana jioni. Debian inatia sahihi upya orodha za `-updates` na za usalama mara kwa mara, na sahihi ya leo asubuhi kwa mashine iliyoko jana ni ya siku zijazo, basi inaikataa. Orodha kuu ya bookworm hailalamiki kwa sababu hubadilika pale tu toleo dogo linapotoka. Mchana simu ikishakuwa imeunganishwa muda, saa inajirekebisha kwa mtandao na kosa linatoweka.

Dawa ya haraka, simu ikiwa imechomekwa:

`sudo systemctl restart systemd-timesyncd`
`timedatectl`

Subiri uone `System clock synchronized: yes`. Kama ukanda wa saa si sahihi: `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`.

Tahadhari ya kubadilisha betri: piga picha kurasa za BIOS kwanza. Betri ikitoka, mipangilio huweza kurudi ya kiwandani, na mashine iliyokuwa inawaka kwa UEFI (mtindo mpya wa kuwasha) ikirudishwa kwenye Legacy (wa zamani) itasema haioni mfumo. Hakuna kilichofutika, rudisha mpangilio uliokuwepo.

Sasa umeme. Hama mashine moja moja, na inayohama ndiyo ikae kwenye UPS. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS hiyo. Inapopasha joto inavuta umeme mwingi wa ghafla na UPS inajizima. UPS ndogo haitafika mwisho wa usakinishaji kwenye diski ya kuzunguka, hilo lijue mapema. Kazi yake ni kukupa nafasi ya kuzima kwa utaratibu: ikianza kulia na umeme haurudi, bonyeza Ctrl+Alt+F4, ingia, na `sudo systemctl poweroff`. Utakuwa umekatiza usakinishaji, lakini kilichokuwa kwenye RAM kitaandikwa diskini. Kukatika ghafla ndiko kunakoacha faili zenye ukubwa wa sifuri.

Umeme ukirudi, washa. ext4 (mfumo wa faili wa diski) itasoma jarida lake na kujirekebisha. Ikisimama kwenye kidokezo cha initramfs (mfumo mdogo wa kuanzia) na kutaja sehemu yenye kasoro, mfano sda2, andika `fsck -y /dev/sda2` kisha `exit`. Ukiingia, hata kama XFCE haiji, nenda Ctrl+Alt+F3 na fuata mpangilio huu bila kuruka:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt --fix-broken install`
`sudo apt full-upgrade`

Ya kwanza inamalizia pakeji zilizofunguliwa ila hazijapangwa, ya pili inaziba pengo la tegemezi, ya tatu inaendelea na zilizobaki. Ikilalamikia deb moja kwamba imeisha kabla ya wakati, ifute kwenye `/var/cache/apt/archives` na irudie kupakuliwa, ni hiyo moja tu. Ikilalamikia `/var/lib/dpkg/status` yenyewe, kuna nakala mbili: `status-old` kwenye folda hiyo hiyo, na `/var/backups/dpkg.status.0`. Nakili mojawapo mahali pake, anza na `status-old` kwa kuwa ndiyo ya karibuni.

Hali mbaya zaidi ni umeme kukatika wakati initramfs ya keneli mpya inaandikwa. Mashine itawaka na kusimama ikisema haiwezi kupata mfumo wa faili. Kwenye menyu ya GRUB (inayokuja wakati wa kuwasha) chagua `Advanced options`, uchukue keneli ya 6.1 ya Debian 12. Itawaka. Kisha:

`sudo update-initramfs -c -k all`
`sudo update-grub`

Ndiyo maana `apt autoremove` isipigwe mpaka mashine iwe imewaka vizuri kwa keneli mpya ya 6.12. Keneli ya zamani ndiyo mlango wako wa kurudia ndani.

Ukishatulia baada ya kuokoa mashine, sakinisha `debsums` na uendeshe `sudo debsums -s`. Itataja faili yoyote isiyolingana na pakeji yake. `sudo apt install --reinstall` na jina la pakeji inaitibu.

---

BintiNgamiani

Shikamoo mzee. Ahsanteni sana wote.

Swichi imepatikana, hifadhi imewekwa kwenye A, na nimeanza kupakua kwenye mashine ya pili kama mlivyoelekeza. Lakini nimesita kabla ya Y. Chini ya `will be REMOVED` kuna orodha ndefu: `libssl3`, `libglib2.0-0`, `libgtk-3-0`, `libcups2` na nyingine nyingi za aina hiyo. Hii si itaua printa na madirisha yote?

Na laptopu imejibu `i386`.

---

MzeeWaPongwe

Marahaba mwanangu. Umefanya vema kusita.

Tazama orodha ya zitakazosakinishwa, hapo juu au chini yake. Utaona `libssl3t64`, `libglib2.0-0t64`, `libgtk-3-0t64`, `libcups2t64`. Ni maktaba zile zile kwa majina mapya. Kompyuta zinazohesabu muda kwa biti 32 zitaishiwa namba tarehe 19 Januari 2038, na Debian 13 imehamishia hesabu hiyo kwenye biti 64. Mashine zako za amd64 zilikuwa tayari salama, ila majina yalibadilishwa kotekote ili pakeji zifanane. Kila uliyoitaja ina mrithi wake mwenye `t64`, kwa hiyo jibu Y.

Utakapojibu n ni ukiona kwenye orodha hiyo mojawapo ya hizi: `xfce4`, `lightdm`, `linux-image-amd64`, `cups`, `libreoffice-writer`, `network-manager`. Zikiondoka hizo, karibu kila mara kuna chanzo cha nje kilichosahaulika kwenye `sources.list.d`, au deb iliyowahi kusakinishwa kwa mkono. Itafute kwa:

`apt list '?obsolete'`

Itaorodhesha pakeji ambazo hazipo kwenye chanzo chochote kinachojulikana. Iondoe inayozuia, hama, kisha irudishe toleo linalofaa 13.

Usishtuke pia ukimaliza kuhama ukaona apt imebadilika sura. Ile ya 13 ni apt 3.0, inapanga majina kwa safu na zinazoondoka zinakuwa nyekundu. Wafundishe vijana wako kusoma hiyo safu nyekundu kabla ya kubonyeza chochote, kila siku, hata kwa kasasisho kadogo.

---

Bi_Keneli

Dada, nichangie la laptopu na yanayokuja baada ya kuhama.

Kwenye laptopu andika `lscpu` na usome mstari wa `CPU op-mode`. Ukitaja 32-bit na 64-bit kwa pamoja, prosesa inaweza, ni mfumo tu uliowekwa wa biti 32. Hapo usijaribu kubadilisha usanifu juu kwa juu, ni kazi ya kitaalamu yenye mitego. Nakili `/home`, sakinisha Debian 13 ya amd64 upya kwa flashi. Ukitaja 32-bit peke yake, ibaki na 12. Masahihisho ya kawaida ya 12 yanafika Juni 2026, kisha LTS (masahihisho ya muda mrefu) mpaka Juni 2028. Hadi hapo iwe ya kuchapia na kuprintia tu.

Hapa sikubaliani kidogo na wanaosema sakinisha upya kila mashine ili mambo yawe safi. Kwa steshenari yenye printa zilizokwisha pangwa na faili za wateja, kuhama juu ya iliyopo ni kazi ndogo na inaacha mipangilio yote mahali pake.

Baada ya kuwasha upya, anza na printa kwa sababu mteja hatakuuliza keneli. `lpstat -t` ikuonyeshe printa zote na kwamba CUPS inaendesha. Kama mna HP LaserJet za aina ya P1102, hizo hutegemea plagini ya ziada, na plagini inafungamana na toleo la `hplip` (programu ya printa za HP). Likibadilika, printa inapokea kazi na kukaa kimya bila kutoa karatasi. Endesha `hp-plugin -i`, ikiwa na intaneti. Printa nyingi za karibuni za USB hazihitaji draiva kabisa, `ipp-usb` inatosha. Ukiona printa moja imejitokeza mara mbili kwenye orodha, futa ile yenye draiva ya zamani.

La pili ni `/tmp`. Kwenye 13 inakaa ndani ya RAM na inaweza kuchukua hadi nusu yake. Mashine ya GB 2 inayoskani vyeti vya kurasa nyingi kwenda `/tmp` itajaa mapema na kazi itakatika. Ama badilisha folda ya kuskania iwe ndani ya `/home`, na hili ndilo ningelipenda, ama rudisha hali ya zamani:

`sudo systemctl mask tmp.mount`

kisha uwashe upya.

La tatu, bando linalovuja. Kama `unattended-upgrades` imesakinishwa, inaweza kupakua bila kukuuliza. Iambie NetworkManager kwamba simu ni mtandao wa kulipia. Jina la muunganisho utalipata kwa `nmcli connection show`, mfano `Wired connection 2`:

`nmcli connection modify "Wired connection 2" connection.metered yes`

`unattended-upgrades` inaiheshimu alama hiyo na itasubiri. Ukibadilisha simu muunganisho unaweza kuwa mpya, urudie amri. Lakini ukizuia sasisho za kujiendesha, ni lazima mtu apangiwe kuzifanya kwa mkono. Firefox inayofungulia akaunti za watu za mkopo na za benki haitakiwi kukaa mwezi bila kusasishwa.

Kwa vijana wa field, wape siku moja ya wiki, asubuhi kabla ya wateja. Waanze na A ili hifadhi ijae, kisha nyingine: `sudo apt update`, halafu `apt list --upgradable` na wasome majina yaliyopo, halafu `sudo apt upgrade`. Ikiwa `linux-image` imo, mashine iwashwe upya kabla ya kazi kuanza. Amri wasiyoijua waisome kwa `man` kabla ya kuiandika, na amri yenye `sudo rm` iliyotoka mtandaoni wasiibandike hata iweje.

Na kwa kuwa kazi yenu ni barua za Kiswahili: `sudo apt install hunspell-sw`, kisha ndani ya LibreOffice chagua lugha ya hati iwe Kiswahili cha Tanzania. Mistari myekundu chini ya kila neno itapungua, na makosa halisi ya kuchapa yataonekana.

Ile `sources.list` ya zamani iliyoko `/root` iache. Na vyanzo vya nje vilivyowekewa `#`, virudishe kimoja kimoja, kila kimoja ukihakikisha kina toleo la trixie, na `sudo apt update` baada ya kila kimoja ili kinachogoma kijulikane hapo hapo.